Wiki ya uelewa kuhusu ulemavu chuoni: kamati ianzie wapi?

Swali: Mimi ni mhadhiri, na chuo chetu kimeniteua kuongoza kamati ya kuandaa wiki ya uelewa kuhusu ulemavu. Wanakamati wamependekeza wanafunzi wafungwe vitambaa machoni na kuzungushwa chuoni, na wengine wakalishwe kwenye viti vya magurudumu kwa saa moja, ili wajue wenzao wanavyoishi. Baadhi ya wahadhiri wananiambia kwamba madarasa yao hayana mwanafunzi hata mmoja mwenye ulemavu, kwa hiyo jambo hili haliwahusu. Wengine wanasema kumwongezea mtu muda katika mtihani ni upendeleo. Bajeti yetu ni ndogo sana. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, ningekushauri uliondoe zoezi la vitambaa kwenye ratiba kabla hujapanga jambo lingine lolote. Sina shaka kwamba wanakamati wenzako wamelipendekeza kwa nia njema, na ni kweli kwamba zoezi hilo ni rahisi kuandaa na huvuta watu wengi. Tatizo ni kile linachofundisha. Mtu aliyefungwa macho kwa saa moja hayajui maisha ya asiyeona. Anachokionja ni hofu ya kupotewa na nuru ghafla, akiwa hana fimbo nyeupe, hana mafunzo ya kutembea nayo, hajui kusoma nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, wala hajazoea kusikiliza kompyuta ikisoma maandishi kwa kasi kubwa. Mwanafunzi asiyeona aliyefika chuoni ana ustadi huo, na aliupata kwa miaka. Mwaka 2015 Arielle Silverman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, alichapisha pamoja na wenzake utafiti ulioonyesha kwamba watu waliopitia zoezi la kuigiza upofu waliwahukumu wasioona kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea, kuliko wasioona hao walivyohukumiwa na watu ambao hawakulipitia. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliohusu kuigiza ulemavu wa aina mbalimbali, ulikuta kwamba washiriki walitoka na huruma zaidi, lakini pia na fadhaa na hisia ya unyonge, ilhali mtazamo wao kuhusu kushirikiana na watu wenye ulemavu haukuwa bora kuliko awali.

Hebu fikiria mhadhiri wa kemia anayetoka kwenye zoezi hilo akiwa amejigonga mlangoni mara mbili. Wiki inayofuata anapata barua kwamba mwanafunzi asiyeona amechagua somo lake lenye vipindi vya maabara. Atajiuliza namna ya kupanga meza na vipimo ili mwanafunzi huyo afanye kazi kwa usalama, au atakumbuka mlango na kuamua kwamba haiwezekani? Huruma ya namna hiyo imewafungia watu milango mingi, na ndiyo sababu nasisitiza jambo hili kabla ya mengine.

Mahali pa zoezi hilo weka lingine ambalo halimchunguzi mtu, bali linakichunguza chuo. Waombe wahadhiri kumi walete mwongozo wa somo wanaoutumia muhula huu, waufungue kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, kisha wasikilize. Programu moja ya aina hiyo, NVDA, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2006, hupatikana bure. Mhadhiri atasikia kimya mahali ambapo aliweka ukurasa uliopigwa picha, atasikia neno “picha” bila maelezo yoyote mahali ambapo mchoro wake ulibeba nusu ya somo, na atagundua kwamba hawezi kuruka kutoka sura moja hadi nyingine. Wengine wajaribu kujiandikisha katika kozi kwenye tovuti ya chuo kwa kutumia kibodi peke yake, bila kugusa kipanya. Watakachokumbana nacho kitakuwa kizuizi kilichojengwa na watu, na kinachoweza kuondolewa na watu haohao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, unaeleza jambo hilo katika utangulizi wake: ulemavu hutokana na mtu mwenye hitilafu fulani ya mwili au akili kukutana na vizuizi vya mitazamo na vya mazingira. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama zikuze uelewa wa uwezo na mchango wa watu wenye ulemavu, na kipimo hicho kinatosha kuamua ni shughuli ipi ibaki katika ratiba yako na ipi iondoke.

Kuhusu wahadhiri wanaosema hawana mwanafunzi mwenye ulemavu, jibu la haki ni kwamba hawajui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu mkubwa. Idadi hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye darasa la chuo, kwa kuwa wazee ni wengi ndani yake na kwa kuwa vijana wengi wenye ulemavu huzuiwa katika shule za chini kabla ya kufika kwetu. Hata hivyo, macho ya mhadhiri humwona mwenye fimbo, mwenye magongo na mwenye kiti cha magurudumu, na hapo huishia. Hayamwoni mwenye kifafa anayesinzia kwa sababu ya dawa, mwenye uoni hafifu anayenakili ubao kutoka kwenye daftari la jirani, mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, anayerudia ukurasa mmoja mara tatu, asiyesikia vizuri kwa sikio moja, mwenye usonji anayechoshwa na kelele za ukumbi, wala mwenye sonona ambaye wiki nzima hakuweza kutoka chumbani. Wengi wao wamekwisha kupima faida na hasara za kujieleza, na wakaona ni salama zaidi kunyamaza.

Kwa hiyo msiwatafute, wala msijaribu kubahatisha ni nani mwenye nini. Andikeni katika mwongozo wa kila somo, ukurasa wa kwanza, sentensi kama hii: “Ikiwa kuna jambo lolote katika namna somo hili linavyofundishwa au kutahiniwa linalokuzuia kushiriki kikamilifu, tafadhali nieleze ana kwa ana au kwa barua pepe, huna haja ya kunitajia ugonjwa wako, na tutatafuta njia pamoja.” Mhadhiri aisome kwa sauti siku ya kwanza, kwa sababu maandishi yasiyosomwa kwa sauti huonekana kama kanuni ya ofisi, na mwanafunzi anayesitasita anahitaji kusikia kwamba mwalimu wake anaimaanisha. Sehemu inayohusu kutotaja ugonjwa ina uzito wa pekee. Vyeti vya daktari vinapaswa kubaki katika ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu, au kwa mshauri wa wanafunzi pale ambapo ofisi hiyo haipo. Mhadhiri anatakiwa kujua marekebisho yanayohitajika, basi. Nimeona wanafunzi wakiacha kabisa kuomba msaada baada ya hali yao kutajwa mbele ya darasa na mwalimu aliyedhani anawatetea.

Sasa nije kwenye ufundishaji wenyewe, ambako ningependa kamati yako itumie nguvu zake nyingi. Anzeni na maandishi, kwa kuwa hapo gharama ni ndogo na faida ni kubwa. Kipimo cha haraka ni hiki: fungua faili la somo, jaribu kuchagua neno moja tu. Ukishindwa kulichagua, basi faili hilo ni picha ya ukurasa, na programu ya kusoma skrini haitapata hata neno moja ndani yake. Inabidi lipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi na kisha lisahihishwe na mtu. Vichwa vya sehemu viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya uandishi, kwa sababu asiyeona huzunguka ndani ya waraka kwa kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na maneno yaliyokozwa wino tu hayatambuliki kama kichwa. Kila mchoro uwe na maelezo mbadala yanayosema kile ambacho mchoro unafundisha. “Mchoro wa moyo” haumsaidii mtu. “Damu isiyo na oksijeni huingia upande wa kulia wa moyo na kusukumwa kwenye mapafu” inamsaidia, na uzoefu wangu ni kwamba mhadhiri akilazimika kuandika sentensi hiyo hugundua pia kwamba darasa zima halikuwahi kuambiwa waziwazi mchoro ule ulihusu nini.

Rangi isibebe maana peke yake. Katika jamii zenye asili ya Ulaya ya kaskazini takriban mwanaume 1 kati ya 12 hatofautishi baadhi ya rangi vizuri, hasa nyekundu na kijani, na hali hiyo ipo katika jamii nyingine pia kwa viwango tofauti. Maelekezo kama “jibu maswali yaliyo kwa rangi nyekundu” yanamwacha mtu huyo nje. Maandishi ya kijivu juu ya mandhari meupe yanapendeza kwa mbunifu na kumtesa msomaji. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, inataka tofauti ya mng’ao kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kuna vipimo vya bure vya kukagua hilo. Kanuni za hisabati zisibandikwe kama picha, kwa kuwa zipo njia za kuziandika zinazoweza kusomwa kwa sauti au kugeuzwa kuwa nukta nundu. Jambo ambalo wahadhiri wengi hulisahau ni muda: kitabu hakigeuki kuwa nukta nundu au maandishi makubwa kwa usiku mmoja, hivyo orodha ya vitabu inayotolewa wiki ya pili ya masomo humfanya mwanafunzi asiyeona aanze kusoma wiki ya sita au ya saba. Itoeni mapema, kabla muhula haujafunguliwa. Ikiwa nchi yenu imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, taasisi zinazotambuliwa chini ya mkataba huo zinaweza kutengeneza nakala fikivu kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na mkutubi wenu anapaswa kulijua hilo.

Ndani ya ukumbi, tabia ndogo za mhadhiri huamua nani anasoma na nani anakaa tu. Anayezungumza akiwa ameligeuzia darasa kisogo, huku akiandika ubaoni, amemnyima asiyesikia vizuri nafasi ya kusoma midomo. Na anaposema “hii hapa inakwenda kule”, amemnyima asiyeona somo lenyewe. Ataje kwa maneno kila anachokiandika au kukionyesha. Swali likiulizwa kutoka nyuma, alirudie kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu, hata kama yeye mwenyewe amelisikia vizuri. Kwa mwanafunzi kiziwi anayetumia lugha ya alama, mkalimani apewe muhtasari wa somo na istilahi zake siku kadhaa kabla, na kwa mihadhara mirefu wawepo wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu akili ya mkalimani huchoka na makosa huongezeka. Mhadhiri amtazame na kumsemesha mwanafunzi mwenyewe, wala si mkalimani wake. Akumbuke pia kwamba mwanafunzi huyo hawezi kutazama mikono ya mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji muhtasari wa maandishi au mwenzake wa kumwandikia. Video zote ziwe na manukuu, na yale yanayotengenezwa na mashine yapitiwe na mtu, kwa kuwa mashine hukosea hasa majina na istilahi, yaani maneno yaleyale ambayo mwanafunzi amekuja kujifunza. Manukuu hayo yatawafaa vilevile wanaosoma kwa lugha ambayo si yao ya kwanza.

Hoja ya upendeleo inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu wengi wanaoitoa wanajali haki, na huwezi kuwashinda kwa kuwaaibisha. Waulize swali moja: mtihani wako unapima nini? Kama unapima uelewa wa sheria ya mikataba, basi kasi ya mkono, kasi ya jicho na uwezo wa kuketi saa tatu bila maumivu si sehemu ya uelewa huo, na mtihani unaoviruhusu vitu hivyo viamue alama unapima vibaya. Muda wa ziada huondoa kisichopimwa ili kinachopimwa kionekane. Mwanafunzi asiyejua sheria ya mikataba hataijua kwa kuongezewa dakika 45. Yako masomo ambamo kasi ni sehemu halisi ya umahiri, kwa mfano hatua za dharura za kuokoa maisha, na huko kiwango hakishushwi. Kinachojadiliwa ni njia ya kukifikia. Ibara ya 24 ya ule Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu niliokwisha kuutaja inazitaka nchi zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila ubaguzi na kwa marekebisho yanayofaa, na ibara ya 2 inayaeleza marekebisho hayo kuwa yale ya lazima na mwafaka, yasiyoleta mzigo usio na uwiano, kadiri kila hali inavyohitaji. Maneno “kila hali” yanamaanisha kwamba mnakaa na mwanafunzi husika, mnaangalia kazi iliyopo, mnakubaliana. Hakuna fomu moja inayowatosha wote, na wapo wanaohitaji chumba tulivu au mapumziko mafupi kuliko wanavyohitaji muda.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, nayo ni kupunguza haja ya kuomba. Mtihani wa saa mbili ukitungwa kwa kazi ya saa moja na robo, wanafunzi wengi waliokuwa wakihitaji kibali hawatakihitaji tena. Taasisi ya Marekani iitwayo CAST, iliyoanzishwa mwaka 1984, imeeneza mpango wa kubuni ufundishaji kwa ajili ya wote tangu mwanzo, ambao unamtaka mwalimu atoe njia zaidi ya moja ya kumvuta mwanafunzi katika somo, ya kumfikishia maarifa, na ya kumwezesha kuonyesha alichojifunza. Chukulia kazi ya kozi inayoweza kuwasilishwa kwa insha au kwa maelezo ya sauti yaliyorekodiwa, kwa vigezo vilevile vya usahihishaji. Mpango huu hauondoi wajibu wa kumhudumia mtu mmoja mmoja, kwani hakuna ubuni utakaomfanya mkalimani asihitajike, lakini unapunguza foleni mlangoni mwa ofisi na unampunguzia mwanafunzi kazi ya kujieleza upya kila muhula kwa kila mwalimu mpya.

Kuhusu majengo nitasema machache, kwa kuwa ni eneo ambalo bajeti ndogo huumia. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 10 za kimo zinahitaji sentimita 120 za urefu. Mteremko mkali kuliko huo ni hatari, hata kama umepakwa rangi na kuwekewa alama. Msipokuwa na fedha za lifti, bado mnayo ratiba, na kuhamishia darasa ghorofa ya chini hakugharimu chochote. Kagueni vyoo, na kagueni pia mpango wa kuwaondoa watu wakati wa moto, kwa sababu lifti hazitumiki katika dharura hiyo na mara nyingi hakuna aliyefikiria mtu mwenye kiti cha magurudumu aliyeko ghorofa ya pili atashukaje. Wafundisheni walinzi na wahudumu kuuliza kabla ya kusaidia: kiti cha mtu hakisukumwi bila idhini yake, na asiyeona hupewa kiwiko akishike mwenyewe badala ya kukamatwa mkono na kuburutwa.

Hujaniambia ni wanafunzi wangapi wenye ulemavu waliomo katika kamati yako, na nina hofu kwamba hakuna. Mabadiliko makubwa ya vyuo katika jambo hili yaliletwa na wanafunzi wenyewe. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kutegemea mashine ya kupumulia, alipokubaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962, alipewa makazi katika hospitali ya chuo kwa kuwa hakuna bweni lililoweza kupokea mashine yake. Yeye na wenzake walioishi humo ndio waliosukuma kuanzishwa kwa mpango wa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu uliofunguliwa mwaka 1970, na mawazo yao yakaenea mbali. Mnamo Machi 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani, kilichokuwa kikiwafundisha viziwi tangu mwaka 1864 bila kuwahi kuongozwa na kiziwi, walikifunga chuo mpaka I. King Jordan alipoteuliwa kuwa rais wake wa kwanza asiyesikia. Kwa hiyo nusu ya viti vya kamati yako, ikiwezekana, viwe vya wanafunzi na wafanyakazi wenye ulemavu, wakiwa na sauti katika kupanga na katika matumizi ya fedha. Usiwaalike jukwaani kusimulia mateso yao. Waalike waeleze kinachozuia masomo yao na wanachopendekeza. Na kwa kuwa bajeti ni ndogo, kata fulana, mabango na chakula cha wageni, uilipe kazi ya wakalimani na posho ya wanafunzi wanaoshauri, maana ushauri wao ni kazi kama kazi nyingine.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo, badala ya hotuba za kufunga, omba kila idara itaje kozi moja ambayo itarekebishwa kabla ya muhula ujao, jina la mhadhiri atakayewajibika, na tarehe. Mafaili yatakayosahihishwa yatajwe moja moja. Katikati ya muhula huo wanakamati wenye ulemavu wazikague kozi hizo kwa vifaa wanavyotumia wenyewe, na taarifa yao ipelekwe kwa mkuu wa taaluma bila majina ya wanafunzi waliochangia, ikionyesha kozi ipi imekamilika na ipi bado.